Mashine ya Kaka

Zamani, kabla hajajinyima raha kwa akili zake mwenyewe, Fundi Waya alikuwa mtu wa kuzunguka. Printa moja ikihamishwa chumba katika ofisi ile ya ramani, ilibidi kila kompyuta iambiwe, na mashine zenye mfumo wa Yuniksi hazijui kubahatisha: usipoziandikia jina la printa na mahali ilipo, herufi kwa herufi, hazichapi hata nukta. Basi alitia disketi kwenye mfuko wa shati, akapanda ngazi, akaenda meza hadi meza. Wapiga chapa walimtania kitambi chake. Wapima ardhi walimpa chai na habari za nani kamposa nani. Kazi ya saa moja ilimlia siku nzima, naye alirudi nyumbani ameshiba maneno.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Ni yeye aliyebuni faili kuu. Printa zote ziliandikwa mahali pamoja, kwenye seva iliyokaa chumbani kwake chini, na kila asubuhi mashine za jengo zima zikavuta nakala zenyewe. Wakubwa walimpigia makofi. Hakuna aliyemwita tena, na chai akawa anajipikia.

Isipokuwa ghorofa ya tatu. Huko alikaa kaka yake, mchora ramani, na mashine ya kaka Fundi Waya aliiacha nje ya mpango makusudi.

Ndugu hao walikuwa hawasemezani tangu mama yao azikwe. Kaka alimpa jirani cherehani ya marehemu bila kumuuliza mdogo wake. Mdogo akatamka neno lisilotamkwa mbele ya waombolezaji, na kaka akachukua koti lake akaondoka. Wenzao ofisini walikumbuka kwamba ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Walilima, hawakuingilia, mpaka wao wakastaafu. Lakini kila printa ilipohama, kazi za kaka ziligoma kutoka, ikabidi apige simu chini, na Fundi Waya apande, akalie kiti cha kaka, kaka amesimama nyuma yake.

“Imehamia wapi?”

“Chumba cha wino.”

“Haya.”

Mazungumzo yenyewe ndiyo hayo. Ila kaka alikuwa bado anafua mashati kwa ile sabuni ya mche ya mama, na Fundi Waya, hodari wa kuandika bila kutazama vidole, akikaa pale alikosea kila mstari, akafuta, akaanza upya. Alikuwa na furaha, na hakuona aibu kukiri hivyo moyoni.

Sasa alikuwa anastaafu mwisho wa mwezi, kaka akiwa amebakizwa kwa mkataba, na printa kubwa ya ramani ilikuwa inahamishwa kutoka ghorofa ya pili kwenda ya tatu. Aliingoja siku hiyo kama mtoto anavyongoja nguo mpya. Ingekuwa mara yake ya mwisho kuitwa, na safari hii aliapa atasema neno la zaidi.

“Mzee,” akasema mhandisi aliyekuja kurithi kazi yake, binti mchangamfu, “kuna mashine moja huko juu ulikuwa umeisahau. Jana nimeiingiza kwenye faili kuu.”

Fundi Waya akasema, “Umefanya vizuri, mwanangu.”

Angeweza kuifuta ile kazi kwa mstari mmoja, lakini seva haikuwa yake tena. Printa ikahamishwa. Simu ikanyamaza. Aliinua mkono wa simu kusikiliza kama ni nzima, binti akacheka, naye akajitia kucheka. Kupanda bila kuitwa? Akafike aseme amefuata nini? Akajifanya anapanga waya.

Mlango ulipofunguliwa hakugeuka, akidhani ni mfagizi.

“Imetoka,” ikasema sauti ya kaka yake.

Alikuwa mlangoni, ramani mkononi, akikagua chumba ambacho hajawahi kukikanyaga. Mhandisi, aliyekuwa na akili nje ya kompyuta pia, akakumbuka kitu dukani, akatoka.

“Ni huyu binti,” Fundi Waya akasema. “Ameiingiza kwenye faili.”

“Mwenzangu wa meza ya pili hajawahi kukuita hata siku moja. Printa zinahama, yeye anachapa tu. Ulidhani mimi sioni?”

“Ulijua?”

“Nilijua. Kwa nini niseme?” Kaka aliikunja ramani, akaikunjua. “Leo nimebonyeza, ikatoka. Nikaiangalia pale. Nikajua hutapanda tena.”

Fundi Waya alitafuta lile neno aliloliapia, hakuliona. Akasimama, akampisha kiti.

“Shikamoo, kaka.”

“Marahaba,” kaka akasema, akakaa, akaiweka ramani sakafuni.