Kipofu wa Valby

Siku Thyra Holmgaard alipojiona kwenye pazia la sinema kwa mara ya kwanza, alijiona hana macho. Uso ulikuwa wake, na pua, na kile kidevu alichorithi kwa mama yake, dobi wa pale Valby, mtaa wa Copenhagen. Lakini penye macho palikuwa peupe pe. Filamu za enzi zile hazikuijua rangi ya buluu, zikaitoa nyeupe, na macho ya Thyra yalikuwa ya buluu hafifu kama maji ya sabuni. Mwongozaji, Aage Lindhardt, alicheka hadi sigara ikamdondoka.

"Ala! Kumbe nimeajiri samaki wa kuchemsha!"

Kumpiga teke chura ni kumwongezea mwendo. Kesho yake Thyra alifika studio kabla mlinzi hajafungua geti.

"Bwana Lindhardt, si unatafuta wa kucheza kipofu? Basi huyu hapa."

Lindhardt alikuwa na ulimi mkali, lakini mjinga hakuwa. Akamchukua.

Basi Thyra akawa kipofu. Kipofu muuza maua, kipofu binti wa kabaila, kipofu anayeokolewa na mbwa. Miaka ikapita, na Denmark nzima hakuna aliyepapasa kuta kama yeye. Watu walimpenda kwelikweli. Wanawake wa Copenhagen walimshika mkono kumvusha barabara, naye alivuka kimya asiwaaibishe, hata pale alipokuwa akielekea kwingine. Mapenzi ya namna hiyo, ukiniuliza mimi, ni kifungo tu, na Thyra aliyachukia. Alitaka kitu kimoja: acheze mtu anayeona, walau mara moja, kabla umri haujamtoa kwenye studio ile, iliyojengwa kwa vioo ili jua liingie.

Nafasi ikaja na filamu ya mshonaji kipofu. Kama kawaida ya studio, filamu ilikuwa na miisho miwili. Warusi walipenda kulia, kwa hiyo wao walipelekewa mwisho wa kufa. Dunia iliyobaki ilipelekewa wa furaha. Katika mwisho wa furaha mshonaji anapasuliwa macho, anafunguliwa bandeji, anaona.

"Hapo tunamweka Ebba," Lindhardt akasema. Ebba Krag alikuwa msichana mgeni, macho yake ya kahawia, meusi ti kwenye pazia. "Tunamvisha wigi kama nywele zako, tunampiga picha kwa karibu. Ukifunguliwa wewe, dada yangu, watu watasema daktari kala hela za bure."

"Nipe mara moja," Thyra akasema. "Ikishindikana mweke Ebba, na mimi narudi kufua nguo kwa mama. Hunioni tena hapa."

"Unaapa?"

"Naapa. Jeppe shahidi."

"Mimi nazungusha kamera tu," akasema Jeppe, mpiga picha. "Msiniingize kwenye ndoa yenu."

Wiki ile Thyra alihangaika. Waigizaji wenzake wakitaka kuonyesha kwamba wanaona, walikodoa macho. Yeye hakuwa na ya kukodoa. Akawatazama watu sokoni, kwenye tramu, kanisani. Mwenye macho hufanya nini ambacho kipofu hawezi kukifanya? Jibu alilipata jikoni kwao. Jirani alibisha hodi, mama yake akatupa jicho kwenye aproni, akaona doa, akaigeuza upesi kabla ya kwenda mlangoni. Thyra aliacha mkate mezani akamkumbatia mama mpaka mama akauliza kama anaumwa.

Siku ya kupiga picha, jua lilipojaa kwenye vioo, alijimwagia kahawa mwenyewe kwenye aproni nyeupe, akakaa kitini.

"Chafu hiyo!" Lindhardt akapiga kelele.

"Iache. Jeppe, zungusha."

Bandeji ikafunguliwa. Sinema haikuwa na sauti, kwa hiyo Lindhardt alibwata apendavyo: "Juu! Tazama juu! Kwenye mwanga!"

Thyra akatazama chini. Mkono wake ukaenda kwenye doa, ukasita kabla ya kuligusa. Polepole akainua uso, akamwona mwigizaji aliyecheza mchumba wake amesimama mlangoni, na aibu ikamvaa. Akaigeuza aproni haraka haraka, akalificha doa, akacheka huku machozi yanamtoka. Upande wa pili wa studio maseremala waliokuwa wakigonga misumari walishusha nyundo.

"Jeppe," Lindhardt akasema kwa sauti ndogo. "Umeipata?"

"Nimeipata." Jeppe alifuta pua kwa mkono wa shati, mkono wa pili ungali unazungusha. "Anaona, bwana. Haki ya Mungu, anaona."

Lindhardt alikohoa, kama alivyozoea kila alipotakiwa kumsifu mtu. "Haya, si haba. Jua bado lipo, twende na ya Warusi. Bandeji inafunguliwa, huoni kitu, unakwenda gatini unajitosa majini. Thyra, kaa."

Thyra alikuwa amekwisha simama. Alijua kazi ilikuwa moja tu na mwenye kazi ni huyu mbele yake. Hata hivyo alivua aproni, akampa Ebba aliyekuwa akingoja pembeni na wigi kichwani.

"Ya Warusi mpe Ebba. Mimi kipofu sichezi tena."

"Umerukwa na akili? Macho yote yale! Nani atasadiki kwamba haoni?"

"Aifanyie kazi," Thyra akasema, "kama nilivyoifanyia mimi."