Kinyozi Aenda Mkutanoni

Siku kinyozi alipomkata mwalimu mstaafu shavuni, mwalimu hakufoka. Alijifuta povu, akachukua kofia yake na kutoka na ndevu nusu: upande umenyolewa, upande mweupe kama pamba. Alikuwa mteja tangu kibanda kilipofunguliwa. Kinyozi alibaki ameshika wembe, mkono ukimtetemeka, na wale waliokuwa wakingoja zamu, mmoja mmoja, wakakumbuka kwamba wana shughuli mahali pengine.

Dada yake, fundi cherehani wa chumba cha jirani, aliyaona yote. Ndiye aliyemlea kinyozi baada ya mama yao kufariki, na sasa, mtu mzima na mvi zake, kinyozi alikuwa amerudi kulala kwake, maana mkewe alishachoka akaenda zake.

"Kuna watu wanakutana Jumamosi," dada alisema, akikata uzi kwa meno. "Waliokuwa wakinywa kama wewe. Wanakaa kwenye ile shule ya chekechea nyuma ya soko. Mume wa mteja wangu anakwenda."

"Nitakwenda."

"Wewe na hiyo nitakwenda yako!"

"Safari hii kweli, dada."

Akampigia pasi shati. Jumamosi kinyozi akaenda kweli, ila alipiga mafunda mawili matatu kwanza, ya kutuliza mikono. Getini mlinzi akamsimamisha.

"Shule imefungwa leo. Umemfuata mtoto?"

"Hapana, nimekuja kuangalia bomba. Nasikia linavuja."

Mlinzi akalitazama lile shati lililonyooka. "Mafundi bomba wenzako wameshaingia. Mlango wa nyuma. Pita tu, hawaumi mtu."

Ndani, watu wazima walikuwa wamekalia viti vya watoto, magoti yamewafika kidevuni, chini ya michoro ya kuku na herufi za rangi. Aliyeongoza alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke wa sauti ya chini. Jibaba moja waliloliita Bonge lilikuwa likizungumza.

"Mimi kuacha pombe nakujua kuliko ninyi nyote," alisema. "Nimeacha mara nyingi mno."

Wakacheka, na kinyozi akajikuta anacheka nao. Kisha zamu yake ikafika. Maneno aliyoyapanga njiani yalikuwa yameyeyuka yote.

"Mimi nanyoa watu," alisema. "Nisipokunywa, mikono haitulii. Nikinywa, inatulia, lakini siku hizi hata hivyo inanisaliti. Sasa nikiacha, nitanyoaje? Na nisipoacha, nitamnyoa nani?"

Alingoja. Alidhani hapo ndipo atakapopewa lile neno, au hiyo dawa, ambayo watu kama hawa lazima wanayo. Bonge aliangalia sakafu.

"Hilo swali hata sisi linatushinda," mkunga akasema mwishowe. "Ila jambo moja nalijua. Mwili wako umeshaizoea pombe. Usije ukaikata ghafla peke yako, unaweza kufa. Nenda hospitali kwanza, wakusimamie. Kisha urudi hapa tukae pamoja." Akampa namba yake ya simu.

Kinyozi alitoka mikono mitupu. Alikuwa amekusanya ujasiri wake wote kwa ajili ya mlango ule, na nyuma ya mlango alikuta watu wasiojua, kama yeye. Miguu ikashika njia inayoijua.

Aliporudi, dada alimnusa kabla hajamwona.

"Hukwenda."

"Nilikwenda, dada. Haki ya Mungu nilikwenda. Wamesema nisiache ghafla."

"Ati usiache! Hiyo ndiyo dawa mliyopewa?" Machozi yalimtoka. "Umenidanganya mengi, lakini hili limezidi."

Kweli pekee aliyowahi kumwambia kwa muda mrefu, na hakuona namna ya kuithibitisha. Dada akaichukua chupa aliyoificha kinyozi nyuma ya kabati, akaimwaga, akamfungia chumbani kwa ufunguo. Kinyozi hakupinga. Angepinga kwa uso gani?

Kesho yake, jua likiwa juu, shati lilikuwa limelowa jasho, na mtetemeko ulikuwa umetoka mikononi ukamwingia mwili mzima. Aligonga mlango. Nje, cherehani ilikuwa kimya. Alijua dada yupo pale pale, amekaa.

"Dada, nifungulie."

"Sifungui. Nilifungua mara zote, ona tulipofika."

Kwa vidole visivyotulia alibonyeza namba ya mkunga, akaisukuma simu chini ya mlango. "Ongea naye," alisema. "Mimi usiniamini."

Alisikia upande mmoja tu wa mazungumzo. "Ndiyo, mama... Alikuja? Aliongea?" Kiti kikakwaruza sakafu. "Mimi nilidhani namsaidia, mama." Ufunguo ukazunguka.

Hospitalini muuguzi alimpima, akaonekana kushtuka kidogo, akasema wangoje hapo hapo, daktari anaitwa, ila kitanda hajui kama kipo. Wakakaa kwenye benchi la ukutani. Kinyozi alitaka kuomba radhi, meno yakagongana tu. Dada akaikamata mikono yake yote miwili, akaibana mapajani mwake kwa nguvu zake zote, nayo ikaendelea kutetemeka ndani ya mikono yake.

"Nifanyeje, mdogo wangu?" aliuliza. "Niambie nifanyeje."

"Sijui, dada."

Wakatazama mlango ambao daktari angetokea.