Barua ya Onyo ya Lukresia

Mimi ni karani, si mwanasheria. Lakini barua nazijua. Katika zahanati ya Mzee Nahumu, pale Lyamkena, Makambako, hakuna karatasi inayotoka bila kupita mikononi mwangu, na mtu asinifundishe kuandika.

Lukresia alikaa mapokezi miaka minne. Kila mwaka alisaini fomu kwamba anajitolea. Safari hii akajifungua, akapumzika miezi mitatu, na aliporudi akamkuta msichana mpya, Hilda, kwenye kiti chake.

"Binti yangu, anayejitolea hana likizo ya uzazi," mzee alimwambia. "Ulikuja kwa hiari yako, umeondoka kwa hiari yako."

Lukresia alimfunga mtoto mgongoni, akapanda gari la Njombe, akafungua shauri kwenye Tume ya Usuluhishi. Alitaka kazi yake, basi.

Siku ya usuluhishi mzee alinipakia kwenye pikapu yake pamoja na faili la Lukresia. "Kila kitu kimo?" akauliza. Kimo chote, nikamjibu, na kwa kweli nilijisikia. Faili lile nililipanga kwa tarehe, hata karatasi moja haikukunjika.

Msuluhishi, Mama Idda, alizisoma zile fomu za kujitolea, akaziweka kando. Akanigeukia mimi. Zamu zake alipanga nani? Mzee. Koti na rejista? Vya zahanati. Akipata msiba je? Anaandika barua ya kuomba ruhusa.

Mama akaendelea kufunua, akafika kwenye barua ambayo, Mungu anisamehe, niliiandika kwa mbwembwe zote. Lukresia alipewa siku moja akamzike shangazi yake Ludewa. Siku moja inaishia barabarani, na kwetu huondoki msibani kabla ya kuanua matanga. Akakaa tatu. Nasi tukampa onyo kali la mwisho kwa utoro kazini.

"Anayejitolea asipofika, unamshukuru kwa siku alizofika," alisema Mama Idda. "Mtoro kazini ni mfanyakazi. Ukimpangia saa, ukampa vifaa, ukamwadhibu, sheria inamhesabu mfanyakazi, hata angesaini fomu mia. Ukipinga, mzee, kuthibitisha ni juu yako."

Mzee alinitazama. Lo, macho yale! Nikahamia kutazama dari.

Kabla ya saa saba walikubaliana na kusaini: Lukresia anarudi kazini Jumatatu, kwa mkataba. Pale nje akanipa mkono. "Asante sana, kaka Anselmi." Alimaanisha kabisa, na iliniuma, maana barua ile sikuiandika ili kumsaidia.

Njiani kurudi Makambako mzee alifoka mpaka kioo kikashika ukungu. "Nani alikutuma kubeba faili zima? Karani gani wewe?"

Miaka sita nafungua ofisi yake saa moja na nusu asubuhi, sina mkataba, nami nahesabiwa wa kujitolea. Sijawahi kuchelewa hata siku moja, na mjinga mimi nilikuwa najisifia.

"Tukifika tu, nawe unapata barua ya onyo!"

"Nipe, mzee," nikasema. "Nitaichapa mwenyewe, wewe utie saini tu."

Tuliingia Makambako hajasema neno, na barua hiyo sijapewa hadi leo.