Mgeni Mwenye Ngoyi

Kabla ya mapambazuko kifuniko cha birika kiligonga, ti, ti, na Mukantwari akajua mgeni wake ameketi kunywa chai. Mgeni alikuwa mshipa wa fahamu wa mkono wake wa kulia: mwanamke mwembamba, kimo cha punje ya mchele, mzigo mgongoni, kamba ya ngoyi kwenye paji la uso.

"Umefika wapi, mama?"

"Nimeacha kiwiko nyuma. Kwa siku moja simalizi hata upana wa kucha."

"Kunywa kwanza. Hakuna mutu anakufukuza."

Mshipa huo ulikatika njia ya Munigi, pale mwenye barrière, yule anayefunga kamba njiani na kutoza wapitaji, alipompiga Mukantwari chuma kiwikoni kwa kuchelewa kutua maharagwe. Tangu hapo kiganja kilikuwa kama cha mtu mwingine. Kiliungua kwenye mbabula ya makaa, yeye akajua kwa harufu. Akina mama wa uani, waliozoea kumletea watoto awapime homa kwa kiganja hicho, waliacha kuja. Mkono wa kushoto haukuwahi kujifunza.

Jirani yake Uwimbabazi hakuacha. Kila alasiri alikisugua kiganja kwa kipande cha kitenge, kama muganga alivyoagiza.

"Amkeni, wavivu," aliviambia vidole. "Mwenzenu yuko njiani."

Kwenye kifundo cha mkono, njia inapobana, mgeni alikuta kamba imefungwa. Mwenye barrière alikuwa yuleyule, mdogo kama chawa.

"Alichukua nini?" Mukantwari aliuliza, akimwongezea chai.

"Baridi. Moto na ulaini aliniachia."

"Na wewe uko muzima?"

"Niko."

"Basi."

Asubuhi mgeni alipotua mzigo vidoleni, Uwimbabazi aliingia na mwanawe mchanga Gisubizo, akitokea Munigi. Mukantwari akamwekea mtoto kiganja kwenye paji.

"Ana moto huyu. Umupeleke kwa muganga sasa."

Akampeleka. Jioni Gisubizo alikuwa ananyonya tena. Uwimbabazi alirudi kushukuru, mikono mitupu; bakuli la maharagwe alilokuwa anamletea Mukantwari lilibaki Munigi, kwenye kamba ileile.

Maji ya ziwa hayana tena baridi kwenye kiganja hicho. Mukantwari huyachota tu. Chai hunywa peke yake, maana mgeni amehamia ncha ya kidole, mbali na birika. Siku ya kuhama aliaga kwa sauti ndogo:

"Huku ni mbali, mama. Unitembelee tena. Ukuje na shavu la mutoto."