Mtamba Mwekundu wa Orville

Miaka hamsini Orville Tackett alikuwa hajakanyaga mazizi ya mnada wa ng'ombe ya Fort Worth. Asingekuja hata sasa, ana miaka sabini na mitatu, kama si dada yake Verlene kumpigia simu mpaka Oregon: "Njoo, kaka. Tukatembee siku moja tu, kabla mmoja wetu hajazikwa."

Saa tano na nusu asubuhi ng'ombe wa pembe ndefu walipitishwa barabarani, watalii wakishangilia. Orville akaguna.

"Hawa nao ng'ombe? Wameogeshwa kama bibi harusi."

"Taratibu, watakusikia."

"Wanisikie! Hata mavi yao hayanuki."

Verlene hakucheka. Alimwongoza hadi nyuma, kwenye mazizi ya zamani ambayo hayana kitu tena, akasimama penye lango moja la mbao.

"Hapa ndipo baba aliposhusha kundi letu kuliuza, ule mwaka wa ukame."

Uso wa Orville ukakunjamana. Mwaka ule alikuwa vitani Korea. Nyumbani aliacha mtamba mwekundu aliyemlea kwa chupa, na baba yao aliahidi kumtunza. Aliporudi alikuta zizi tupu. Alimtamkia mzee maneno mazito, akapanda treni, akaenda zake. Baba alipofariki, Orville alituma maua tu.

"Sikuja huku kusikia habari za baba," alisema.

"Baba hakumuuza mtamba wako." Verlene alimwonyesha pembe ya zizi. "Alimtenga, akamfunga pale pembeni. Akasema huyu ni wa Orville, anarudi nyumbani. Mimi ndiye niliyemwendea dalali, nikamwambia baba amesema wauzwe wote. Baba anageuka, mnyama keshapelekwa."

"Wewe?"

"Nilikuwa na miaka kumi na sita, kaka. Kisima kilibaki tope. Tulikuwa tunaunguza miiba ya dungusi, ule mmea wa jangwani, ili ng'ombe wapate kula. Nilijua tukirudi naye atatufia mbele ya macho."

"Na mzee akanyamaza?"

"Nilitaka kukwambia siku ile ile uliyorudi. Akanikataza. Alisema, 'Hasira za Orville nitazibeba mimi. Wewe bado mtoto.' Alipokufa, nikaona haya kuufungua mdomo."

"Miaka hamsini, Verlene! Nimemnyima mzee wangu mkono, naye hana kosa!"

"Najua."

"Hujui!"

Aliondoka, akipita katikati ya mazizi bila kutazama nyuma. Verlene alishika lango, akangoja. Alidhani ndiyo basi, kaka ameondoka tena. Jua lilikuwa limepinda Orville aliporejea, macho mekundu.

"Kaburi lake ni mbali?"

"Mwendo wa saa mbili."

"Nipeleke."

Walipofika makaburini Orville alimwambia abaki garini. Verlene alimtazama kwa mbali akivua kofia, akipiga magoti kwenye nyasi kavu. Midomo yake ilikuwa ikisema kitu kirefu, ambacho Verlene hakuweza kukisikia. Kisha Orville akajaribu kuinuka, akashindwa. Akajaribu tena.

Verlene alishuka garini, akamwendea, akamnyooshea mkono.

Orville aliutazama mkono ule. "Sijakusamehe," alisema.

"Sikukuambia unisamehe leo."

Akaushika, akainuka. Wakasimama pale wote wawili, bado wameshikana, mbele ya jina la baba yao.