Usaili wa Nyanzala Dukani kwa Mikidadi

Mwaka wa tisini na sita Nyanzala binti Masele alikuwa anafanya kazi idara ya maji, Mpanda mjini. Alikuwa na digrii ya kemia, baiskeli, na chumba kimoja cha kupanga. Kazi yake ilikuwa kuzunguka vijijini kuchota maji ya visima vya pampu na kuyapima.

Kisima kilichomsumbua kuliko vyote kilikuwa cha kwao, Mwamkulu. Pampu nzima, maji tele, lakini akina mama walikipita na ndoo zao wakaenda kuchota mtoni. Maji yake yalikuwa na chuma. Yakilala kwenye ndoo yanageuka rangi ya kutu. Chai inakuwa nyeusi kama wino, shuka jeupe linatoka la manjano. Na kisima kingine, ng'ambo tu ya shamba, maji yake hayana neno. Kwa nini? Nyanzala hakujua, na idara haikuwa na vifaa vya kumwezesha kujua.

Ndiyo maana alipoona tangazo la ufadhili wa shahada ya pili ya sayansi ya maji katika chuo kimoja cha Uholanzi, aliomba. Hakumwambia mtu. Hasa hakumwambia baba yake.

Mzee Masele alihamia Mwamkulu na ng'ombe wake kutoka Shinyanga, akasomesha watoto wawili. Wa kwanza, Ngusa, alipomaliza shule alikwenda Geita kutafuta dhahabu, na tangu hapo zinakuja salamu tu, mwenyewe haji. Kwa hiyo Nyanzala aliporudi na digrii yake, mzee alichinja beberu akatangaza mbele ya wageni, "Sasa kisomo kimetosha. Huyu haondoki tena." Wageni wakapiga makofi. Nyanzala naye akapiga.

Ikaja habari kwamba amechaguliwa kufanyiwa usaili, na kwamba atapigiwa simu Alhamisi saa tano asubuhi. Wiki moja kabla ya siku hiyo radi ilipiga nguzo, simu ya ofisini ikafa. Nyanzala akakimbilia kwa Mikidadi, mfanyabiashara aliyeuza kila kitu kuanzia kanga hadi majembe, akamwomba atumie simu ya duka lake.

"Ulaya?" Mikidadi alisema. "Simu yangu haijawahi kuvuka Tabora. Njoo, binti Masele, njoo!"

Nyanzala akapeleka namba ya duka kwa telegramu. Tatizo lilikuwa moja: waya wa simu ile ulikuwa mfupi, hautoki kwenye kaunta. Na Alhamisi hiyo gari la Inyonga lilikuwa limeshusha watu tangu asubuhi, duka limefurika.

Simu ikalia. Mikidadi akanyoosha mikono yote miwili. "Kimya! Ni Ulaya!"

Wateja wakanyamaza, wengine wamekumbatia majembe. Ndani ya waya kulikuwa na mlio kama wa mtu anayekaanga mahindi. Nyuma yake ikasikika, mpaka kwa waliosimama karibu na kaunta, sauti ya mama mmoja, profesa, akiuliza maswali kwa Kiingereza. Nyanzala hakuwa na njia isipokuwa kujibu kwa kupiga kelele. Alieleza habari ya chuma, udongo na miamba.

Mle dukani Kiingereza alikijua mzee Ambrosi, karani wa tiketi mstaafu wa reli. Hakuombwa, lakini alianza kuwatafsiria watu.

"Anaulizwa kwa nini wananchi wanakimbia maji ya pampu."

"Si yanaharibu chai!" akadakia Mwamvita, muuza chai wa sokoni. "Nani atanunua chai nyeusi kama lami?"

Profesa alisikia. Akauliza ni nani huyo.

"Ni... ni mtumiaji wa maji," Nyanzala alijibu.

Profesa akacheka. Akasema huyo mtumiaji aulizwe anatumia maji gani sasa. Basi Mwamvita akaeleza, Nyanzala akatafsiri, na kwa dakika chache usaili ukawa wa watu wawili.

Hapo ndipo mzee Masele alipoingia, amefuata chumvi ya ng'ombe. Alikuta watu wamempa migongo.

"Kuna nini?" akauliza.

"Binti mmoja anakwenda Ulaya kusomea maji," Ambrosi alijibu bila kugeuka. "Anajua huyo! Anawajibu kama..." Akageuka, akaona anaongea na nani.

Nyanzala akainua macho, yakakutana na ya baba yake. Na wakati huohuo profesa akauliza kama kuna jambo lolote nyumbani litakalomzuia kuanza masomo mwezi wa tisa. Ambrosi akatafsiri kwa sauti ya chini, lakini dukani kulikuwa kimya kiasi kwamba kila mtu alisikia. Wote wakamtazama mzee Masele.

Nyanzala angeweza kusema hakuna. Akasema, "Baba yangu yuko hapa. Habari hii anaisikia sasa hivi."

Waya ukakaanga mahindi kwa muda. Kisha profesa akauliza kama anaweza kumsalimia.

Mzee Masele alisogea, akavua kofia, akapokea simu.

"Mwangaluka!" alisalimia kwa Kisukuma, akangoja. Kutoka Uholanzi salamu ikarudi imepindapinda, lakini ikarudi. Duka zima likacheka. Mzee hakucheka.

"Mama, nina swali moja," alisema kwa Kiswahili. "Mkimchukua huyu, mtamrudisha?"

Ambrosi akainama juu ya bega la mzee, akalipeleka swali kwa Kiingereza. Jibu lilikuwa refu. Mwaka wa kwanza ni wa darasani huko. Mwaka wa pili ni wa utafiti, na utafiti lazima ufanyike palepale mwombaji alipopataja: kwenye visima vya Mwamkulu. Asiporudi, ufadhili unakatika. Ambrosi alilitafsiri lote bila kuongeza neno, mara ya kwanza siku hiyo.

"Wameandika Mwamkulu?" mzee alimuuliza binti yake.

"Niliandika mimi, baba."

"Basi mchukueni," mzee aliiambia simu. "Lakini na wewe mama uje huku utuone."

Simu ikakatika.

Baba na binti walikaa kwenye ngazi ya duka, mfuko wa chumvi katikati yao.

"Ulinificha," mzee alisema.

"Niliogopa, baba."

"Uliogopa nini? Fimbo?"

"Niliogopa utakataa, na mimi nitakutii."

Mzee akakuna kidevu. "Kweli ningekataa. Afadhali nimesikia mbele ya watu. Mbele ya watu mtu anakuwa na akili." Akacheka mwenyewe, na Nyanzala, aliyekuwa amejizuia tangu asubuhi, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Lakini moyoni aliamini ameshindwa. Usaili gani wa kuchangiwa na muuza chai? Alirudi kwenye kazi yake, akajaribu kusahau.

Mwisho wa mwezi, siku ya Jumamosi, wakiwa nyumbani Mwamkulu, walimwona Mikidadi anakuja kwa baiskeli, kanzu ameikunja mpaka magotini, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa anapiga kelele tangu kwenye mahindi.

"Wamepiga jana jioni! Ambrosi ametafsiri! Umepata, binti Masele! Nauli, ada, vifaa, vyote! Na yule mama anamsalimia muuza chai!"

Mama yake Nyanzala akapiga vigelegele, majirani wakaitika. Mzee Masele alikwenda zizini, akatoka na beberu. Mikidadi akaombwa achinje mwenyewe, akala mpaka baiskeli ikamshinda, ikabidi arudishwe mjini kwa gari la ng'ombe.

Jioni, sherehe ikiwa bado ya moto, Nyanzala aliona akina mama wanakuja mmoja mmoja na chupa mikononi. Aliyetangulia alikuwa jirani yao Theopista.

"Tumesikia unakwenda kusomea maji," alisema. "Haya ya kwangu. Nipimie."

"Mama, sijaenda bado! Vifaa sina."

"Sisi tunangoja," Theopista alijibu, akaiweka chupa chini, akajitafutia kiti karibu na sufuria ya nyama. Wenzake wakaziweka za kwao pembeni, moja moja.