Vifungo vya Koti

Mdomo wangu hauna breki, najua. Tangu tuoane, mume wangu hajawahi kunishinda kwa ubishi hata siku moja, ndiyo maana suala la kuhama nilisema tusilibishanie. Tulipigie kura kwa vifungo.

Sisi ni mafundi cherehani. Chumba cha mbele ni duka, cha nyuma ndiko tunakolala, na ukuta wa katikati umeota ukungu mpaka tumechoka kuusugua. Mji wetu ni wa manyunyu. Jua likitoka, watu wanaulizana kulikoni. Na mume wangu ana baridi yabisi ya vidole. Daktari hakuzunguka: akiendelea kukaa kwenye ubaridi huu, mikono itakwisha kazi.

Binti yetu ni muuguzi, anaishi kule kwenye jua. Mwaka jana tulimtembelea wiki mbili. Siku ya tano baba yake alitunga uzi kwenye sindano mwenyewe, bila kuniita, akaniinulia ile sindano akicheka. Sikuwa nimemwona akicheka hivyo kwa muda mrefu.

Basi si mhame, mtasema. Loo! Kule jua ni la bure, lakini kila kilicho chini yake kina bei. Binti alituonyesha chumba ambacho kodi yake hapa kwetu ingelipa nyumba nzima na ua wake. Nikamwambia, "Mwanangu, hili ni kabati. Nikitaka kugeuka, baba yako atoke nje kwanza?" Tena hapa nina wateja wa miaka ishirini na mbili, viuno vyao navijua bila tepu. Dada yangu anakaa ng'ambo ya barabara, tunagombana kila asubuhi dirisha kwa dirisha, na siku tusipogombana chai hainipiti kooni. Kule nani ananijua? Kwa umri huu nianze kubembeleza wateja upya? Hapana jamani.

Lakini mikono ile ni ya mume wangu, nami nampenda. Kwa hiyo nikaweka kopo tupu la biskuti kwenye rafu, kando ya mitungi ya vifungo. Kila asubuhi kila mmoja wetu, peke yake, atumbukize kimoja. Kifungo kidogo cha shati, tuhame. Kifungo kikubwa cha koti, tubaki. Siku thelathini, na hakuna kuulizana.

Mimi nilicheza haki. Siku niliyomsikia akiguna wakati wa kufunga viatu, nilitia cha shati. Siku dada aliponichekesha, nilitia cha koti. Vyangu nilivitia alama ya chaki nyuma ya mlango: vya koti kumi na vinane, vya shati kumi na viwili.

Siku ya kuhesabu nilimwaga kopo juu ya meza ya kukatia. Vya shati vilikuwa kumi na viwili. Kumi na viwili tu! Vyote vyangu. Yeye alikuwa ametia vya koti siku zote thelathini, hakukosa hata moja.

"Kumbe na wewe hutaki!" nikasema.

"Kura ni kura," akajibu, mikono mfukoni.

Nilicheza pale pale katikati ya vitambaa. Nikampigia binti: baba yako amekataa katakata. Akauliza, "Mama, una hakika?" Nikamwambia mimi nimepima na kuhesabu maisha yangu yote, asinifundishe kazi.

Mchana kibiringo cha uzi kiliniponyoka, kikaingia chini ya rafu, kule ambako ufagio haufiki. Nikapiga magoti na tochi. Vifungo vya shati vilikuwa vimetapakaa kando ya ukuta, vyeupe, kama kumi hivi. Kwanza hasira zikanipanda. Nani anachezea mali yangu? Kisha nikatazama juu, nikaona kopo la kura liko juu kabisa ya pale nilipopiga magoti.

"Hivi ni nini?" nikamwonyesha mume wangu. Akageukia cherehani. "Nakuuliza wewe!"

"Vinaniponyoka," akasema.

"Vinakuponyokaje?"

"Nilitaka kutia cha shati. Siku ya kwanza, ya pili, karibu wiki mbili nilijaribu. Nikikishika sikisikii, kinaanguka. Nikiinama kukiokota, siwezi. Na wewe nakusikia unakuja. Basi nachukua cha koti, ndicho kinachoshikika."

"Si ungesema, baba watoto!"

"Niseme nini? Fundi asiyeweza kushika kifungo ni fundi gani?"

Nikakaa juu ya marobota ya vitambaa. Miezi mitatu alikuwa akiniachia kila shati na kuniambia, "Vifungo malizia wewe." Na mimi nilimwita mvivu. Nilimwita mvivu mbele ya wateja, wakacheka, naye akacheka pamoja nao. Hata kura yenyewe mimi ndiye niliyeipanga. Ningeweza kusema tutumie viberiti, vijiti, chochote. Nikachagua kitu ambacho mikono yake haikukiweza, halafu nikacheza.

Nililia, sifichi. Yeye akawa ananipapasa bega kwa kiganja, maana vidole havikunjuki, akisema, "Basi, mke wangu, basi. Dada yako atakusikia."

"Anisikie!" nikasema. "Aanze kuzoea kuagana."

Nikajifuta uso kwa kipande cha bitana, nikachukua simu, nikampigia binti.

"Lile kabati," nikamwambia, "bado halijapata mpangaji?"

"Mama? Si umesema asubuhi Baba amekataa?"

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa amerudisha mikono mfukoni, macho chini, anasubiri nitakachosema.

"Nilihesabu vibaya, mwanangu," nikasema.